Mchana Hadithi Hazisimuliwi

Tamthilia ile ililetwa na jirani yangu, mama mmoja wa Tunduru anayeuza korosho za kukaanga, ikiwa ndani ya flashi aliyoifunga kwenye pindo la khanga. "Mwekee bibi aangalie," akaniambia. "Mtu akiangalia ukuta kutwa nzima, mwishowe atazungumza nao." Sikubishana. Nilikuwa nimeshafika mahali pa kukubali lolote. Nilikuwa nimekubali maji ya baraka, mizizi ya mzee mmoja wa Namtumbo, mafuta ya kuchua ya mtu niliyemwona tapeli tangu anapiga hodi, na sala za kina mama wa jumuiya ambao nusu yao walikuja kuangalia nimetundika mapazia gani. Jirani angesema nimlete mbuzi chumbani, ningemleta.

Bibi huyo ni mama yangu, na alikuwa amepooza. Kiharusi cha kwanza kilimkuta shambani kwake Mpitimbi akivunja mahindi, kikamchukua mkono na mguu wa kulia. Nikamleta kwangu hapa Songea mjini, Bombambili, nimtunze huku nikifanya kazi yangu. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule barazani. Kiharusi cha pili kilimkuta hapahapa kwangu, kikamharibia ulimi na koo. Uji akawa anaumeza kwa kijiko cha chai, na vijiko vingine vilirudi na kumwagika kifuani. Hospitali daktari akanivuta pembeni, akasema tumrudishe nyumbani tumpe anachopenda. Nikamuuliza hicho anachopenda kinauzwa duka gani la dawa. Nilirudi nikakaa kwenye kiti changu cha cherehani nikijiuliza mama yangu anapenda nini, nikaona sijui.

Sikujua kwa sababu sikulelewa naye. Tangu nipate akili mama alikuwa mtumishi wa ndani katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja mjini, akipika, akifua, akilea watoto wa watu na kulala hukohuko. Baba alikuwa ameshafariki. Sisi watoto wake, kaka zangu wawili na mimi kitindamimba, tulibaki Mpitimbi kwa bibi mzaa baba, mwanamke wa rozari. Jioni kwa bibi ilikuwa rozari tangu mwanzo mpaka mwisho, na anayesinzia anafinywa. Mama alipewa ruhusa ya Jumapili. Alikuja baada ya misa, nyuma ya gari lolote atakalobahatika kupata, amebeba mkate na nguo zilizowabana wenzetu wa kule mjini. Kabla jua halijalegea, ameshaondoka.

Sifa zake zilitufikia kijijini kabla yake. Watu waliotoka mjini walisema mama yenu ana hadithi nyie, nyumba nzima inakaa miguuni pake, hata tajiri mwenyewe anazima redio. Basi akifika Jumapili tunamrukia: mama, na sisi tusimulie! Naye, huku ameniinamia mguu ananitoa funza kwa pini, alijibu neno lilelile: "Mchana hadithi hazisimuliwi. Ukisikiliza hadithi mchana, mama yako atakufa."

Alitueleza na sababu yake. Hadithi husimuliwa usiku, mlango umefungwa, kila mtu yumo ndani. Mchana watu bado wako njiani. Ukisimulia mchana, aliye njiani anapoteza njia ya kurudi nyumbani, na aliye njiani siku zote ni mama. Tulimwamini kabisa. Nani angethubutu kujaribu, na mama yetu kila Jumapili alikuwa njiani kwenda na kurudi? Hivyo Jumapili zote zikapita bila hadithi, na usiku ulipofika, hadithi zilikuwa za watoto wengine.

Alipozeeka, wenye nyumba wakampumzisha, akarudi kijijini kulima. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaolewa mjini. Yeye anaingia Mpitimbi, mimi natoka. Na mtu mzima haombi hadithi. Utamwomba mama yako mbegu za maharage, utamwomba akuombee, lakini huendi kwake na mvi zako kichwani ukamwambia nisimulie.

Sasa nirudi kwenye tamthilia. Ilikuwa moja ya zile za ng'ambo, za falme na farasi wenye mabawa, imetafsiriwa na kijana mmoja anayewasemea watu wote: mfalme ni yeye, malkia ni yeye, hata mtoto mchanga akilia ni yeye. Kulikuwa na kisiwa kinachoelea juu ya mawingu na koo tatu zinazokigombania kwa mapanga. Mama hakujali kisiwa. Alikaa ameegemezwa mito, mdomo umeenda upande, macho yako mbali, mpaka alipotokea mtumishi. Alikuwa kikongwe, kilemba cheupe kichwani, vidole vimepinda, na kazi yake katika jumba lile ilikuwa kukaa na binti mfalme aliyepofuka macho na kumsimulia hadithi. Mfasiri akamsemea kwa sauti ya kukwaruza: "Sikiliza wewe mtoto, zamani hizo hata mawe yalikuwa yanajua majina ya watu."

Mama akainua mkono wake mzima, akanyoosha kidole kwenye runinga. "Mimi," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza lililonyooka tangu tutoke hospitali. Jirani akapiga vigelegele mpaka wateja wangu wakachungulia dirishani. Nikakimbilia uji, nikamlisha, akamaliza bakuli lote huku macho yako kwa yule kikongwe. Nilifurahi, sitaficha. Nilifurahi kijinga, kama mtu aliyepewa mtoto. Nikajua anachopenda, na nikaapa kwamba maadamu umeme upo, yule mtumishi hatazimwa.

Siku zilizofuata ulimi ukaanza kurudi, mzito lakini unaeleweka. Mimi nashona barazani, dirisha la chumba chake likiwa mgongoni mwangu, namsikia akigombana na runinga. Mfalme hajui kula. Malkia anavaa nguo nyepesi kwenye baridi. Halafu siku moja nikasikia amenyamaza ghafla, nikaingia. Kwenye runinga yule kikongwe alikuwa amefungua dirisha kubwa la jumba, jua limeingia mpaka kitandani kwa binti, naye ameanza kusimulia.

"Mchana!" mama akasema. Uji ulimtoka mdomoni kwa hasira. "Mtumishi gani huyu? Mchana kweupe! Mtoto wa watu atafiwa na mama yake."

"Bibi, hao Wazungu," jirani akamwambia. "Wao hawana miiko."

"Kufa si wanakufa?" mama akauliza.

Tukacheka sote watatu. Lakini sehemu chache mbele malkia, mama yake yule binti kipofu, akashuka kisimani kuoga, akanywa maji yaliyotiwa sumu, akafa hapohapo nywele zikielea. Jirani akashika mdomo. "Astaghfirullah! Bibi, si ulisema!" Mama akafumba macho ameridhika kama mtu aliyeshinda kesi. "Nilisema," akajibu. Aliyetunga tamthilia ile, popote alipo, hajui kwamba malkia wake hakuuawa na sumu. Aliuawa na dirisha.

Ndipo akaja mgeni. Walisema wahenga mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi yule hakuniponya. Aliingia uani mwanamke wa umri wangu, gauni la kudarizi, manukato yanamtangulia, akanikuta na tepu ya kupimia shingoni na nyuzi zimening'inia kwenye nywele. "Habari za kazi, dada," akasema. "Mimi nimetoka Dodoma, nimekuja kumwona mama aliyetulea. Asante sana kwa kumtunza. Umeanza lini kazi hapa?"

"Tangu nizaliwe," nikamjibu.

Hakuelewa. Akapita ndani, akapiga magoti kitandani, "Shikamoo mama," na mama akamwita jina lake la utotoni bila kukosea hata herufi. Mimi mama alikuwa ananiita majina ya kaka zangu wote kabla hajalifikia langu. Nikasimama mlangoni na glasi ya maji niliyoombwa, nikawatazama wakishikana mikono, machozi yanawatoka. Nilimchukia yule mwanamke. Nasema nilivyohisi: nilimchukia kwa sababu alipiga magoti mahali pangu na akajua namna ya kupiga.

"Mama, unakumbuka ulivyokuwa unaanza?" akamwuliza. "Unafunga mlango, unazima taa kubwa, unatuuliza: Wote mmo? Na sisi tunapiga kelele: Wote tumo!" Mwalimu wa Kiswahili angemsahihisha mama aseme nyote. Mama alisema wote, na wale watoto wakamjibu hivyohivyo. "Na ile ya sauti kwenye chungu, unaikumbuka? Kulikuwa na mwanamke mmoja..."

Mama akainua mkono wake mzima. "Mchana," akasema. Na yule mwanamke, na gauni lake la kudarizi, akafunga mdomo papo hapo kama mtoto. Walikuwa na mwiko mmoja, yeye na mama yangu.

Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikaumeza ujeuri wangu, nikamuuliza hadithi hiyo ni ya nini. Wakati huo alikuwa ameshaelewa mimi ni nani na ameshaomba radhi mara nyingi kuliko nilivyotaka. Akaniambia kwa kifupi, akiangalia jua kwa wasiwasi: ni ya mwanamke aliyekwenda kulima mashamba ya watu ng'ambo ya mto, akawaachia watoto wake sauti yake ndani ya chungu.

"Ikaishaje?"

"Mwisho siujui, ndugu yangu. Kila siku nilikuwa nimeshalala. Hata wadogo zangu niliwahi kuwauliza. Tulikuwa tunalala sote."

Nilirudi nyumbani nikashindwa kutia uzi kwenye sindano. Miaka yote ile mama alifikisha hadithi mwisho, usiku kwa usiku, kwa watoto waliolala. Mimi nisingelala. Ningekaa macho mpaka asubuhi, na hata kufinywa kwa bibi kungekuwa na kazi. Mwanamke aliyekwenda kulima kwa watu akaacha watoto: hadithi ile ilikuwa yetu, ilitungwa kwa ajili yetu, na mwisho wake ulikuwa ndani ya kifua kimoja tu duniani, kifua ambacho usiku kilikoroma na kuchelewa kuvuta pumzi. Kuanzia siku hiyo nilitaka kitu kimoja. Niliutaka mwisho ule kabla mama hajaondoka nao.

Utasema, si ungesubiri jioni ifike? Jioni ndiyo ilikuwa adui yangu. Baridi ya milima ya Matogoro inapoanza kushuka na akina mama wanapowasha majiko, mama yangu alikuwa anatoka. Mwili uko kitandani, mwenyewe hayupo. Mara ya kwanza nilidhani ananitania. Nilimletea chakula, akajivuta kukaa wima, akaniambia kwa adabu ambayo hajawahi kunionyesha: "Shikamoo, mama. Chakula kiko tayari. Watoto nimeshawaogesha."

"Mama, ni mimi."

"Ndiyo, mama," akasema. Alikuwa ananiona tajiri wake, yule mke wa mfanyabiashara. Kila jioni alikuwa kazini. Alipangusa shuka kama meza, akauliza bwana amerudi au bado. Nikimsihi asimulie, anasema atawasimulia watoto wakishakula, halafu dawa zinamzidi nguvu, analala. Jioni moja akanishika pindo la gauni. "Mama, naomba ruhusa yangu ya Jumapili," akasema. "Nikawaone wanangu. Yule wa mwisho hanijui vizuri. Nikimbeba analia."

Yule wa mwisho ni mimi. Nikamwambia, kwa sauti ya mwanamke ambaye sijawahi kumwona, "Nenda, mama. Kaa nao mpaka Jumatatu."

"Asante, mama. Mungu akubariki," akasema, akataka kushuka kitandani kunipigia goti, ikabidi nimdake.

Basi ukabaki mchana, na mchana alikuwa na akili zake na mwiko wake. Nilijaribu hila. Nilitundika vitenge kwenye dirisha, nikaziba na upenyo wa mlango kwa vipande vya kaki vya sare, nikawasha taa, nikamwambia mama, usiku umeingia. Akatulia akisikiliza. Juu yetu bati lilikuwa linalialia kwa joto la adhuhuri. "Bati la usiku halisemi hivyo," akasema. Msikitini adhana ikaanza, na jirani yangu, ambaye nilimwapisha asitusaliti, akapita dirishani akisema kwa sauti, "Bibi, nakwenda kuswali adhuhuri, narudi." Mama akacheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Nilivirarua vile vitenge dirishani, na kimoja kilikuwa cha mteja.

Nikamwendea wazi. Nikamwambia mama, umewasimulia watoto wa watu mpaka wakalala. Mimi sijalala bado. Nisimulie.

"Mchana," akasema.

"Nisimulie hivyohivyo."

"Mama yako atakufa."

"Mama yangu ni wewe!" Nilipiga kelele, na cherehani za mtaa mzima nadhani zilisimama.

"Ndiyo," akajibu taratibu. "Ndiyo maana sisimulii."

Nilitoka nikaenda kanisani, nikakaa benchi la nyuma, nikakataa kupiga magoti. Nilimwambia Mungu kwamba amempa mama yangu kipaji akakigawe kwenye nyumba ya watu, ameninyima usiku wake, sasa hata jioni hizi chache za mwisho anazichukua na kuzirudisha kulekule. Nilimwambia mambo ambayo paroko akisoma haya ataniita. Hakuna lililobadilika, ila magoti yangu, maana yalipoa kwa baridi nikashindwa kuinuka haraka.

Uji ukaanza kurudi tena. Jirani alileta sizoni ya pili, tukaiweka, kikongwe akatokea na kilemba chake, lakini mama hakuinua kidole. Alimwangalia kama unavyomwangalia mtu aliyepita barabarani. Kijiko kikawa nusu kijiko, nusu kijiko kikawa kulowesha midomo kwa pamba. Mgonjwa haulizwi uji, wanasema. Mimi nilimuuliza, nilimsihi, nilimtishia, nilimwimbia. Usiku nilikaa namsikiliza akivuta pumzi, na pumzi moja ikichelewa, na mimi nilizuia yangu. Nilikuwa nimekata tamaa kiasi kwamba nilianza kukata kitambaa cheusi cha sketi za shule nikagundua nimekata vazi lisilo la mwanafunzi yeyote.

Siku yenyewe ilikuwa ya kipupwe, anga safi, lile jua la Songea linalong'aa bila kupasha. Mama akaniita. Aliniita jina langu, moja kwa moja, hakupitia kwa kaka yeyote.

"Fungua dirisha," akasema.

Nilidhani anataka hewa. Nikafungua mbao zote mbili, jua likaruka ndani likatua kitandani, juu ya blanketi, juu ya mkono wake uliokufa. Akanionyesha nikae chini, miguuni pake. Nikakaa. Akauangalia mwanga ule kwa muda, kisha akaniangalia mimi.

"Wote mmo?" akauliza.

Nilielewa. Nikainuka kufunga dirisha, akanishika mkono. Sijui nguvu zile alizitoa wapi.

"Mama, ni mchana," nikamwambia.

"Naona."

"Tusubiri jioni."

"Jioni niko kazini," akasema.

Kumbe alijua. Siku zote zile alijua jioni anakokwenda, na asubuhi anarudi na kunyamaza. Nikaanza kulia. Nikamwambia sitaki tena, hadithi siitaki, kaa nayo, mwisho siutaki, nitakusumbua tena mwakani. Mimi niliyetundika vitenge, niliyegombana na Mungu, sasa nilikuwa namziba mama yangu mdomo kwa kiganja changu, na chini ya kiganja nikausikia mdomo wake uliopinda ukitabasamu. Akaniwekea mkono wake mzima kichwani, akaubakisha hapo, kama Jumapili zile alipokuwa akinitoa funza na mimi nikirukaruka kwa maumivu. Alisubiri. Bila jibu langu hadithi haiwezi kuanza. Nilishalijua hilo kwa yule mgeni. Ningeweza kukaa kimya mpaka jioni.

"Wote mmo?" akauliza tena, na safari hii sauti ilikuwa imechoka.

"Wote tumo," nikasema.

Wewe unayesoma hapa, kama ni mchana na mama yako yuko njiani, funga, urudi jua likizama. Nimeshakuonya.

Kulikuwa na mwanamke aliyekwenda kulima mashamba ya watu ng'ambo ya mto. Watoto wake walimlilia, kwa hiyo akaivua sauti yake, akaiweka ndani ya chungu, akakifunika. Kila jioni watoto wakifunua, chungu kinauliza: wote mmo? Wanajibu wote tumo, wanalala. Ng'ambo kule mwanamke alilima bila kusema neno, watu wakamwita bubu. Miaka ikaenda. Akazeeka, akavuka mto, akafika kwake usiku, akagonga. Ndani wakauliza, nani? Hakuwa na sauti ya kujibu. Akagonga tena. Nani? Kimya. Wakasema ni fisi, wakasogeza kinu mlangoni. Wakafunua chungu walale. Chungu kikauliza, wote mmo? Wakubwa wakajibu, wote tumo. Lakini yule wa mwisho, ambaye hata sura ya mama hakuijua, akasema: hapana. Hatujatimia. Kuna mmoja yuko nje. Chungu kikapasuka. Na nje ya mlango, mtu akasema: ni mimi.

Mama alikuwa akipumua katikati ya kila neno, na ilimchukua muda mrefu mpaka jua likahama kutoka kwenye blanketi kwenda ukutani. Alipomaliza aliniuliza kama nimelala. Nikamwambia sijalala. Akasema, "Wewe ulikuwa hulali. Bibi yako aliniambia."

Jumapili iliyofuata hakuifikia. Tulimzika Mpitimbi, pembeni ya shamba lake, mahindi yameshavunwa na mabua yamelala. Jioni ya matanga nyumba ilijaa ndugu mpaka jikoni, na mmoja wa shangazi, akitaka kufunga mlango kwa ajili ya baridi, akauliza kama wote wameshaingia. Wakamjibu wote. Mimi nikasema bado. Wakatazamana, wakasema mfiwa anahitaji kupumzika, mlango ukafungwa.

Baada ya arobaini yule mgeni wa Dodoma akaja tena. Nilikuwa barazani, cherehani nimeifunika, nachambua maharage kwenye ungo, maana kushona kulikuwa bado kunanishinda. Safari hii alinijua. Akakaa chini mkekani, bila kujali gauni, akalia, kisha akaniuliza kile nilichojua kimemleta.

"Alikwambia mwisho?"

"Aliniambia."

"Niambie na mimi."

Ilikuwa saa ya jua kali. Mimi mchana haunitishi tena, mchana umeshanifanya ulichoweza kunifanya. Nikamuuliza, "Mama yako yu hai?"

"Yu hai. Yuko kwa mdogo wangu, Njombe. Kesho anasafiri kuja kwangu."

"Basi kaa," nikamwambia. "Jua lizame kwanza."

Nikamsogezea upande mmoja wa ungo. Tukakaa tukichambua maharage, tukisubiri giza.